Wastani wa Nini?

Jirani yangu hapa Cheyo alilima tumbaku Urambo zaidi ya miaka thelathini, mpaka magoti yalipomrudisha Tabora mjini. Asubuhi moja nilimkuta barazani kwake, miwani imeshuka puani, kashika karatasi ya hospitali kama mtu aliyepewa noti asiyoiamini.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka. Kaa hapo, mjukuu wangu, unisomee. Wameandika mimi ni wa wastani. Wastani wa nini?"

Habari yenyewe ilianza miezi miwili nyuma. Alikwenda kung'oa jino, daktari wa meno akauvuta mdomo wa chini na kuona baka jeupe pale pale ambapo babu huweka ugoro wake kila siku. Akalifuta kwa shashi, halikutoka. Utando mweupe wa fangasi hufutika. Hili lilikuwa limeng'ang'ania kama chokaa ukutani. Akamchoma sindano ya ganzi, akakata kinyama kidogo kama punje ya mchele, akakitumbukiza kwenye kichupa cha fomalini, kikapakiwa kwenye basi. Jibu liliporudi lilikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili yanasema hivi: mabadiliko ya seli yanayoweza kutangulia saratani, daraja la wastani. Wataalamu huyaita mabadiliko hayo displasia.

"Tumbaku ya wastani naijua," babu akasema. "Mteuzi akishataja daraja, najua kilo moja ni shilingi ngapi. Hili daraja langu linanunua nini?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo limewasumbua madaktari bingwa kwa miongo kadhaa, na siku hizi limefika hadi kwa wataalamu wa kompyuta. Mkulima wa tumbaku alikuwa ameligusa penyewe.

Jicho la mteuzi

Aliyewahi kusimama kwenye soko la tumbaku katika chama cha msingi anajua kinachotokea. Marobota yamepangwa mstari, yamefunguliwa upande. Mteuzi anapita, anachomoa shada la majani, analigeuzia kwenye mwanga, analiminya kwa vidole. Anaangalia rangi, anaangalia madoa, anaangalia jani lilichumwa sehemu gani ya mche. Halafu anataja daraja, karani anaandika. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kuvuta pumzi tatu.

Mkulima naye huwa na hesabu yake. Anajua kwamba jani halina mstari uliochorwa unaosema daraja la pili linaishia hapa na la tatu linaanzia hapa. Rangi ya chungwa hufifia kidogo kidogo mpaka ikawa kahawia, na mahali pa kukata ni mahali jicho la mtu lilipoamua. Ndiyo maana sokoni watu hubishana, na ndiyo maana mkulima akipata mteuzi mwingine siku nyingine huweza kupata bei nyingine kwa tumbaku ile ile.

Kinyama cha mdomoni nacho huteuliwa hivyo hivyo, kwa jicho.

Kinyama kikiwa safarini

Kichupa cha babu kilipita njia ya zamani, ile ya kati ya Tabora na pwani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba mwaka huo. Pembe za ndovu zilishuka kwenda Bagamoyo mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Reli ya Wajerumani ikafika mjini hapa mwaka 1912. Leo basi linatoka alfajiri na kinyama kinafika maabara siku hiyo hiyo au ya pili yake. Safari imekuwa fupi. Kinachochukua muda ni kumpata mtu wa kukiangalia, kwa sababu madaktari bingwa wa patholojia nchini bado wanahesabika, na wengi wao wako kwenye miji mikubwa.

Maabara hukikausha maji kinyama, hukiloweka kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa, na kukigandisha kuwa kitofali kidogo. Kitofali hicho hupitishwa kwenye kisu maalumu kinachokata vipande vyembamba vya mikroni 4 hivi. Ungeweza kuupasua unywele mmoja mara zaidi ya kumi kabla hujafikia wembamba huo. Kipande hulazwa kwenye kioo, yaani slaidi, kisha hutiwa rangi mbili. Ya kwanza, hematoksilini, hutokana na mti wa Amerika ya Kati na huvipaka viini vya seli buluu ya zambarau. Ya pili, eosini, huvipaka vilivyobaki rangi ya waridi. Bila rangi hizo, ukiangalia kwenye hadubini utaona kitu kama maji ya mchele.

Kinachoonekana baada ya hapo ni ukuta. Ngozi laini ya ndani ya mdomo imejengwa kwa safu za seli zilizokaa juu ya msingi. Safu ya chini kabisa ndiyo yenye seli changa zinazogawanyika. Viini vyake ni vyeusi na vimepangana kama matofali yaliyosimamishwa wima. Kadiri seli zinavyosukumwa juu zinakomaa, zinalala, viini vinanywea, na mwishowe zinabanduka na kumezwa na mate. Mdomo wenye afya hujijenga upya namna hii kila siku bila mwenyewe kujua.

Katika displasia, nidhamu ya ukuta imevurugika. Viini ni vikubwa kuliko inavyotakiwa, vingine vyeusi mno, havilingani. Seli ambazo zingepaswa kuwa zimekomaa zinaonekana changa bado, na ugawanyikaji uliotakiwa kuishia safu ya chini unaonekana juu. Kwa mazoea ya miaka mingi, ukuta hugawanywa mafungu matatu. Vurugu ikiishia theluthi ya chini, daraja ni dogo. Ikifika theluthi ya kati, ni la wastani. Ikipanda theluthi ya juu, ni kubwa. Seli zikishavunja msingi na kuingia chini yake, hapo jina limebadilika: hiyo ni saratani.

Basi babu alikuwa wa theluthi ya kati. Au tuseme, kuna mtu aliyeangalia akaona vurugu imefika theluthi ya kati.

Kukubaliana kwa bahati

Chukua wateuzi wawili, wafunge vitambaa machoni, waambie watupe kila robota kwenye fungu moja kati ya matatu. Hawaoni chochote, lakini karibu mara moja katika kila mara tatu watatupa fungu moja. Kwa hiyo ukisikia madaktari wawili "wamekubaliana kwa nusu ya slaidi," usishangilie bado: sehemu kubwa ya makubaliano hayo ingepatikana hata gizani.

Mwaka 1960 Mmarekani Jacob Cohen alitoa hesabu ya kuondoa bahati hiyo, inayoitwa kapa. Sifuri maana yake mmekubaliana kama watu waliofungwa macho. Moja maana yake hamjawahi kutofautiana. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Manchester, Uingereza, liliwapa wataalamu waliobobea slaidi za displasia ya mdomo wazipange kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani. Kapa ilikuwa 0.22. Walipotofautiana, mara nyingi ilikuwa kwa daraja moja tu, lakini daraja moja ndilo linaloamua kama mtu atakatwa au ataambiwa arudi baada ya miezi sita.

Kundi hilo likapendekeza kupunguza mafungu yawe mawili: hatari ndogo na hatari kubwa. Slaidi ikiwa na angalau dalili nne za mpangilio wa ukuta na tano za seli zenyewe, inaingia fungu la hatari kubwa. Kapa ikapanda hadi 0.50. Mafungu machache, ugomvi mchache. Kila mkulima angewaambia hivyo bila hesabu.

Hapa pana la kuzingatia: wataalamu hao hawakuwa wazembe. Walikuwa wanafanya kazi ambayo jicho halikuumbiwa. Jicho ni hodari wa kulinganisha viwili vilivyo pamoja, ila si hodari wa kukumbuka kipimo cha juzi. Slaidi mbaya kidogo ikitanguliwa na mbaya sana, itaonekana njema. Saa kumi jioni si sawa na saa tatu asubuhi.

Kompyuta inaona nini

Kompyuta haioni ukuta wala mdomo. Inapewa picha. Skana maalumu huipitia slaidi yote na kuigeuza kuwa nukta, yaani pikseli, kila moja ikiwakilisha robo ya mikroni. Kinyama chenye upana na urefu wa sentimeta moja kinakuwa nukta 40,000 kwa 40,000: bilioni 1 na milioni 600. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa na vifaatiba ya Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza mfumo wa aina hiyo utumike kutoa majibu ya wagonjwa badala ya hadubini.

Baada ya hapo kazi inakwenda kwa hatua. Kwanza programu inatenganisha rangi: ya zambarau kando, ya waridi kando. Kwenye zambarau inatafuta viini, inachora mpaka wa kila kimoja. Kiini chenye mikroni 8 kina nukta 32 hivi toka upande hadi upande, zinazotosha kukipima. Ukubwa wake. Umbo lake, kama ni duara au kimebonyea. Weusi wake, na kama weusi umeenea sawasawa au umekusanyika mabonge mabonge. Umbali hadi kwa jirani yake. Kimeelekea wapi. Mtu angepima viini hamsini akachoka. Mashine inapima maelfu mengi na cha mwisho inakipima kama cha kwanza.

Kipimo kimoja kinanifurahisha zaidi, kwa sababu kingeweza kugunduliwa na mvuvi. Chukua ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji ilikoishia njia ya misafara, ukashuke kusini. Upime kwa kamba ya kilometa moja, utaruka vighuba vingi. Upime kwa pima za mikono, utalazimika kuingia kila kighuba, na ufukwe utakuwa mrefu zaidi. Upime kwa shubiri, utazunguka kila jiwe, na utarefuka tena. Ufukwe ulionyooka hauna tabia hiyo, ule wenye makunyanzi unayo sana. Mwaka 1967 mwanahisabati Benoît Mandelbrot aliandika juu ya jambo hili kwa mfano wa pwani ya Uingereza, na akaonyesha kwamba makunyanzi yenyewe yanaweza kupewa namba.

Ndani ya mdomo kuna ufukwe kama huo: pale ukuta wa seli unapokutana na nyama iliyo chini yake. Katika mdomo wenye afya ufukwe huo una mawimbi ya kawaida. Huko Birmingham, Rasha Abu-Eid na Gabriel Landini waliupima kwa njia ya Mandelbrot na kutoa matokeo mwaka 2003. Makunyanzi yaliongezeka kutoka mdomo wenye afya, kupitia displasia, hadi saratani. Daktari akiangalia hadubini husema "hapa pamechongoka vibaya." Sasa paliwekewa namba, na namba hiyo hata mwingine akiipima kesho atapata ile ile.

Hiyo ndiyo zawadi kubwa ya mashine: inarudia. Lakini mizani inayorudia si lazima iwe mizani ya haki. Mizani iliyotegeshwa nayo hurudia.

Nani alimfundisha mwalimu?

Programu za siku hizi za akili mnemba haziambiwi tena pima hiki, pima kile. Zinaonyeshwa maelfu ya picha, kila picha ina jibu lake, na zinajirekebisha zenyewe mpaka majibu yao yakaribiane na yale ziliyopewa. Ni kama kijana anayekaa na mteuzi mkongwe msimu baada ya msimu, mpaka akawa anataja daraja kabla mkubwa wake hajafungua mdomo.

Ukitazama hapo utauona mtego. Kijana huyo atarithi jicho la mkongwe pamoja na makosa yake. Kama majibu aliyofundishiwa yanatoka kwa wataalamu ambao wenyewe wanakubaliana kwa 0.22, mashine itajifunza ugomvi wao na kuutoa kwa sauti ya uhakika.

Tena kuna suala la rangi. Maabara moja hutia hematoksilini nzito, nyingine nyepesi. Hapa slaidi ni ya zambarau, kule inaelekea buluu. Jicho la mtu huzoea kwa dakika moja, ila programu iliyolelewa na slaidi za maabara moja inaweza kuchanganyikiwa ikipelekwa nyingine. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna la kwetu: fizi na midomo ya wengi wetu ina melanini, chembe za kahawia zilizojaa kwenye safu ya chini ya ukuta. Ni afya tupu. Mashine ambayo haijawahi kuonyeshwa midomo kama yetu inaweza kuihesabu rangi hiyo kama weusi wa viini. Kwa hiyo kifaa kilichofaulu Ulaya hakifai kupokewa Tabora kwa kusomewa tu cheti chake. Kinapaswa kufanya mtihani upya kwa slaidi za huku.

Tuendelee na swali la babu, maana ndilo linalofungua fundo. Daraja linanunua nini? Si rangi ya ukuta leo. Daraja ni ubashiri wa kesho: je, baka hili litageuka saratani? Kama ni hivyo, jibu sahihi la kumfundishia mtu au mashine si alichosema bingwa juu ya slaidi. Ni kilichompata mwenye mdomo miaka mitano, minane, kumi baadaye. Karani wa msafara hakuuhesabu mzigo kuwa umefika kwa sababu ulitoka Tabora vizuri, ulihesabiwa Bagamoyo.

Watafiti wa Sheffield na Warwick nchini Uingereza wameifuata njia hiyo miaka ya karibuni. Wamechukua slaidi za zamani za watu wenye displasia ambao historia yao ya baadaye inajulikana, wakaifundisha programu kutafuta tofauti kati ya waliopata saratani na wasiopata. Moja ya dalili ambazo mashine ilizipa uzito ni askari wa mwili, chembe nyeupe za damu zilizokusanyika ndani na kandokando ya ukuta. Madaraja ya theluthi tatu hayawahesabu askari hao.

Picha moja, wagonjwa wawili

Kwa kuwa kila kitu kinasimama juu ya habari za wagonjwa waliofuatiliwa, anayeziharibu habari hizo ametia sumu kisimani. Jambo hilo limetokea, tena katika mlango huu huu wa mabaka ya mdomoni.

Jon Sudbø alikuwa daktari wa meno na mtafiti katika hospitali ya saratani mjini Oslo, Norway. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha katika jarida kubwa la tiba la Marekani makala iliyosema kwamba kupima kiasi cha DNA ndani ya viini, kazi inayofanywa kwa kompyuta na picha, kunaweza kutabiri kwa uhakika mkubwa baka jeupe lipi litageuka saratani. Dunia ya madaktari wa kinywa ilifurahi: hatimaye mizani imepatikana.

Oktoba 2005 akachapisha makala nyingine, safari hii katika jarida la The Lancet, juu ya dawa za maumivu na saratani ya kinywa, ikiwa na watu 908. Mwanzoni mwa 2006 ilibainika kwamba watu hao hawakuwahi kuwapo. Alikuwa amewabuni wote, na 250 kati yao aliwapa siku moja ya kuzaliwa. Wachunguzi wakarudi nyuma kwenye kazi zake za zamani. Katika ile makala ya 2001 picha mbili za hadubini zilizoelezwa kuwa za wagonjwa wawili tofauti zilionekana kuwa picha moja, iliyokuzwa mara mbili kwa vipimo tofauti. Makala hizo zikafutwa.

Wazo la kupima DNA ya viini halikufa naye. Watafiti wengine wameendelea kulichunguza kwa uaminifu. Lakini somo limebaki. Kompyuta ya Oslo haikukosea hesabu. Ilipewa habari za uongo, na habari za uongo hazifundishi kitu.

Jani lenyewe

Nilipomaliza kumweleza babu haya kwa kukatakata, alinyamaza akitazama mwembe wa jirani. Halafu akaniuliza swali ambalo nilitaraji angeanza nalo: "Huu ugoro ndio ulionifanya hivi?"

Sikuwa na haki ya kumzunguka. Ugoro wa huku kwetu ni tumbaku kavu iliyosagwa, mara nyingi ikachanganywa na magadi. Magadi yanaifanya nikotini ipenye upesi kwenye ngozi ya mdomo. Ndiyo maana ugoro wenye magadi hupanda haraka. Pamoja na nikotini zimo nitrosamini, kemikali zinazojitengeneza wakati jani linakaushwa na kuvundikwa, na ambazo huharibu maandishi ya urithi ndani ya seli. Sudani wana ugoro wao, toombak, unaochanganywa na atruni iliyo ndugu wa magadi, na watafiti walipoupima walikuta nitrosamini kwa kiwango cha kutisha. Pwani na Visiwani kuna tambuu: mwaka 2003 jopo la kimataifa la utafiti wa saratani lilitamka kwamba popoo peke yake, hata pasipo tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Sigara nayo imo, na ikiandamana na pombe kali madhara hayajumlishwi, yanazidishwa.

Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu 377,000 hivi duniani walipata saratani ya midomo na kinywa, na 177,000 hivi walikufa kwayo. Hizo ni za dunia nzima, na babu alitaka ya kwake.

Ya kwake ni hii. Mwaka 2009 watafiti walikusanya tafiti 14 zenye watu 992 waliokuwa na displasia ya mdomo. Kati ya kila watu mia moja, kumi na wawili hivi walipata saratani, kwa wastani baada ya miaka 4 na miezi michache. Kwenye daraja la juu walikuwa ishirini na nne. Kwenye madaraja mawili ya chini, kumi. Waliokatwa baka walipungukiwa hatari, ila haikuisha kabisa.

"Kwa hiyo wengi hawapati," babu akasema.

"Wengi hawapati. Na wa daraja la chini wapo wanaopata."

"Basi mteuzi wenu anakosea."

"Anabahatisha vizuri kuliko mtu asiyeangalia."

Daraja lake, basi, linanunua hivi: kuangaliwa tena kila baada ya miezi michache, pengine kukatwa baka lote, na sababu nzuri ya kuweka kopo la ugoro mbali. Baka likianza kuwa jekundu, au gumu, au kidonda kisichopona wiki mbili tatu, asingoje tarehe.

Mkulima anajua kubisha

Kuna jambo moja ambalo babu anaweza kuliko wagonjwa wengi. Sokoni amezoea kuuliza: nani amelitoa daraja hili, kwa nini, na mwingine ameliangalia? Hospitalini watu husahau kwamba maswali hayo hayo ni halali. Jibu la kinyama si wahyi. Kitofali cha nta kinatakiwa kuwa bado kipo kabatini. Slaidi nyingine inaweza kukatwa humo, mtaalamu wa pili akaiangalia. Siku skana na mtandao vitakapozoeleka, jicho la pili litaweza kuwa Dar es Salaam au Mwanza huku kioo hakijatoka Tabora, na mashine ikawa jicho la tatu linalosema: hapa mmetofautiana, rudieni.

Lakini mashine haiwezi kuanza kazi kabla mtu hajafungua mdomo. Jimboni Kerala, India, watu zaidi ya 190,000 waliingizwa katika utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2005. Wahudumu wa afya waliofunzwa, wasio madaktari, waliwaangalia watu midomo kwa macho na mwanga tu. Miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34. Huko huko India, Bangalore, watafiti wameshafunga kamera na taa maalumu kwenye simu ya mkononi ili programu imsaidie mhudumu kijijini kuamua nani apelekwe mbele. Ni hatua nzuri, ila iliyookoa kwanza ilikuwa tochi.

Mtu yeyote anaweza kuanza na kioo cha kunyolea. Vuta mdomo wa chini, angalia. Vuta wa juu. Mashavu yote mawili. Toa ulimi, uuvute kwa shashi, angalia kingo zake. Uinue, angalia chini yake. Dakika moja inatosha, na mara moja kwa mwezi si kazi. Anayetumia ugoro aanze na pale anapouweka.

Babu aliichukua karatasi yake akaikunja mara nne. "Sasa hebu nieleze tena," alisema. "Umesema mashine itajifunza kwa kuona nani alipata na nani hakupata."

"Ndiyo, babu."

"Mimi nisiporudi?"

"Utakuwa slaidi isiyo na jibu. Haitamfundisha mtu."

Akafikiri kidogo. Mtu aliyepeleka marobota sokoni miaka thelathini anajua hasara ya mzigo uliotoka shambani ukakosa kufika kwenye mizani. Akaingia ndani, akatoka na kalenda ya mwaka, akanipa kalamu. "Niandikie hiyo tarehe. Kubwa, nisome bila miwani."

Nikaandika. Alipoinama kuitundika kalenda kwenye msumari wake mlangoni, niliona kopo la ugoro limetokeza kwenye mfuko wa shati. Aliniona nikiliona. Hakusema neno, nami sikusema.